Mwaridi Wenye Harufu kwa Bustani ya Nyumbani Uganda: Upi Ununuliwe Kwanza

Anayekwenda kitaluni kununua mwaridi mara nyingi huwa amekwisha kuchagua rangi moyoni kabla hajafika, na muuzaji naye humuuzia rangi hiyohiyo: mwekundu, mweupe, wa pinki, wa manjano. Ni nadra harufu kutajwa katika mazungumzo hayo, ilhali harufu ndiyo sifa pekee ambayo mnunuzi hawezi kuiongeza baadaye kwa mbolea, kwa maji wala kwa mkasi. Mwaridi usio na harufu kwa asili yake utabaki hivyo hata ukitunzwa kwa mapenzi makubwa kiasi gani. Kwa sababu hiyo nimepanga aina zilizomo humu kwa kuitanguliza pua, kisha afya ya majani katika mvua zetu, kisha wingi wa maua kwa mwaka. Rangi nimeiacha ya mwisho.

Kwanza niliondoe kosa moja ambalo huwagharimu watu wengi. Uganda husafirisha mawaridi kwenda Ulaya, na mashamba mengi ya maua hayo yako karibu na Ziwa Victoria, upande wa Entebbe na Wakiso, ambako mwinuko wa mita 1,100 hadi 1,200 na joto lake hufaa zaidi mawaridi yenye vichwa vidogo. Maua yanayobaki hufika kwenye vibanda vya maua mjini, na wako wanaonunua shada, wakakata vikonyo vyake na kuvichomeka udongoni wakitumaini kupata mwaridi wa bure. Aina hizo zilichaguliwa kwa sababu hudumu siku nyingi katika chombo cha maji na huvumilia safari ya ndege. Harufu haikuwa kigezo. Tena zimezoea kuishi ndani ya banda la plastiki, chini ya ratiba ya dawa ambayo hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuifuata nyumbani. Hata zikishika mizizi, zitakupa maua mazuri ya kutazama na majani yanayopukutika mvua ikianza.

Mwaka 2015 watafiti nchini Ufaransa walieleza sehemu ya sababu za tofauti hii katika jarida la Science. Walilinganisha waridi linalonukia sana, 'Papa Meilland', na lisilonukia, 'Rouge Meilland', wakabaini kwamba kimeng'enya kiitwacho RhNUDX1 kina kazi kubwa katika kutengeneza jeranioli, mojawapo ya kemikali zinazolipa waridi harufu yake, na kwamba jeni inayokitengeneza huwa karibu imelala katika petali za ua lisilonukia. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba harufu imo katika uzao, na jina la aina ni taarifa yenye thamani ya pesa. Muuzaji anayejua majina ya miwaridi yake anastahili kulipwa zaidi kidogo kuliko yule anayejua rangi tu.

Mahali unapoishi pia kunaamua

Hapa ikweta mchana una takriban saa kumi na mbili mwaka mzima na hatuna majira ya baridi yanayoulaza mti. Faida yake ni kwamba mwaridi wa aina inayorudia kuchanua hautapumzika: ukiukata baada ya maua, utachipua na kuchanua tena baada ya wiki sita hadi nane hivi. Hasara yake ni kwamba miwaridi inayohitaji baridi kali ili ichanue haitatupa kitu, na ukungu unaoshambulia majani haupati msimu wa kufa.

Katika Kampala, Jinja, Mbale na miji mingine yenye joto na unyevu, adui mkubwa ni madoa meusi, ugonjwa wa majani unaoletwa na ukungu. Doa lake lina ukingo uliochanika kama nyuzi, si duara lililonyooka, na jani huanza kugeuka manjano kulizunguka kabla ya kudondoka. Mbegu za ukungu huo zinahitaji jani libaki limelowa kwa takriban saa saba ndipo ziote. Mvua ya jioni isiyokaushwa na jua mpaka asubuhi huzipa nafasi hiyo mara nyingi kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba. Kabale na Kapchorwa, ambako usiku ni wa baridi, tatizo hugeuka kuwa ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokunja majani machanga na kufunika tumba. Kwa hiyo mpangilio ufuatao umepimwa kwa mazingira ya Kampala na miji inayofanana nayo, na pale ambapo mkazi wa milimani angechagua tofauti nimesema.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa 'Mister Lincoln', na siipi kwa kusitasita. Ni waridi jekundu lililokolea, lililoanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2003 lilipewa tuzo ya harufu ya James Alexander Gamble inayotolewa na chama cha wakuza waridi cha nchi hiyo. Harufu yake ni ile ambayo mtu aliyekulia katika nyumba yenye marashi huitambua mara moja: nzito, tamu, ya waridi hasa, isiyochanganyika na limau wala matunda. Ua moja katika glasi hutosha kunukiza sebule ya kawaida. Zaidi ya harufu, mti wenyewe una nguvu. Hukua kwa urefu unaozidi kimo cha mtu mzima, mashina yake husimama wima, na huvumilia joto kuliko miwaridi mingi mekundu.

Una kasoro mbili ambazo mnunuzi azijue mapema. Katika joto la Kampala tumba hufunguka upesi, na ua lililokuwa jekundu la makaa hugeuka zambarau kidogo linapozeeka, hivyo anayetaka maua ya kukata ayakate alfajiri yakiwa bado nusu tumba. Na kwa kuwa mti hurefuka, haufai kupandwa mbele ya kitanda cha maua wala chini ya dirisha la chini. Upande wa nyuma karibu na ukuta ndio mahali pake, mradi ukuta huo usiunyime jua la asubuhi.

Nafasi ya pili ni 'Double Delight', na wako watakaosema ilistahili ya kwanza. Ilitolewa Marekani mwaka 1977, ikapata tuzo hiyohiyo ya Gamble mwaka 1986, na mwaka mmoja kabla ya hapo, 1985, Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waridi lilikuwa limekwisha kuiingiza katika orodha yake ya mawaridi yanayopendwa zaidi duniani. Harufu yake ina ukali wa viungo juu ya utamu, na haipotei upesi. Lakini kinachowafanya watu wasimame getini ni rangi. Ua hufunguka likiwa jeupe la maziwa, na wekundu hupanda kutoka kwenye kingo za petali kadiri mwanga wa jua unavyozigusa, mpaka siku ya tatu au ya nne ua likawa nusu jekundu huku moyo wake ukibaki mweupe. Wekundu huo huletwa na miale ya urujuanimno, na miale hiyo hapa ikweta haina upungufu. Ukipanda mwaridi huu kivulini utapata ua lililopauka na utadhani umeuziwa aina nyingine.

Nimeishusha nafasi moja kwa sababu ya majani. Hushikwa na ukungu kwa urahisi kuliko 'Mister Lincoln', na huko Kabale ubwiri unga utakuwa mgeni wa kudumu. Mti wake ni mfupi na mpana, takriban mita moja, hivyo kwa mwenye ua mdogo au anayetaka kupanda kwenye chungu kikubwa barazani, mimi mwenyewe ningemwambia ageuze mpangilio na kuununua huu kwanza.

Nafasi ya tatu siipi jina lolote la kitabuni. Naipa waridi la pinki la kienyeji, lile la petali nyingi laini ambalo utalikuta katika nyua za nyumba za zamani, kandokando ya makanisa na misikiti, likigawanywa kwa vikonyo kutoka jirani hadi jirani. Majina yake yamepotea, na si yote ya aina moja, lakini lililodumu miongo mingi bila dawa katika mvua za mahali pako limekwisha kufaulu mtihani ambao hakuna mwaridi wa kuagizwa uliokwisha kuufanya. Baadhi yana harufu nzuri ajabu. Historia pia inaunga mkono: katika kisiwa cha Réunion, kilichoitwa Bourbon zamani, waridi la Dameski, waridi la kale la marashi, lilikutana na waridi la Kichina katika nyugo za mashamba, na katika karne ya 19 ukoo mzima wa mawaridi ya Bourbon ulizaliwa kutokana na uzao huo. Huo ni mfano wa waridi lenye harufu lililozaliwa na kukomaa katika joto na mvua za Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ukiona mwaridi wa pinki unaonukia katika ua wa mtu, bisha hodi na uombe kikonyo. Watu wengi watakupa kwa furaha, na ukiwapelekea mche wa kitu kingine kama shukrani, ujirani utakuwa umeanza vizuri.

Ya nne ni 'Fragrant Cloud', iliyozalishwa na Tantau wa Ujerumani katika miaka ya 1960. Rangi yake ni ya matumbawe, kati ya chungwa na nyekundu, na harufu yake ni kali yenye dalili ya matunda. Huchanua kwa wingi. Ingepanda juu zaidi kama rangi yake isingefifia vibaya katika jua letu la mchana.

Ya tano ni 'Gertrude Jekyll', kazi ya David Austin wa Uingereza iliyotolewa mwaka 1986, na hapa mahali panabadilisha kila kitu. Kwa harufu peke yake ingeweza kushindana na nafasi ya kwanza, kwani imerithi manukato ya mawaridi ya kale kupitia mzazi wake 'Comte de Chambord'. Katika joto, hata hivyo, mti hurefusha matawi marefu yasiyo na maua mengi. Mkazi wa Kabale, Kisoro au Kapchorwa auweke katika nafasi ya pili. Mkazi wa Gulu au Jinja asiugharimie.

Ya sita ni 'Papa Meilland' ya Ufaransa, ya mwaka 1963, ambayo naiweka hapa kwa huzuni. Ni ndugu kamili wa 'Mister Lincoln', kwani wote wawili wana wazazi walewale, 'Chrysler Imperial' na 'Charles Mallerin', na wako wanaoamini kwamba huyu ndiye aliyerithi harufu bora na wekundu wa giza zaidi, karibu na weusi wa mahameli. Afya hakuirithi. Madoa meusi na ubwiri unga humshambulia popote, na katika mvua za Kampala utakuwa unapulizia dawa au unatazama mashina matupu. Anunue yule tu mwenye muda wa kuutunza mti mmoja kila juma.

Chini kabisa naweka waridi la Dameski lenyewe, lile linalokamuliwa marashi huko Taif nchini Saudia, Isparta nchini Uturuki na Kazanlak nchini Bulgaria. Najua jinsi jina hilo linavyovuta moyo, hasa kwa anayetaka kutengeneza maji ya waridi nyumbani. Lakini aina inayotumika huko huchanua mara moja kwa mwaka baada ya msimu wa baridi, na hapa kwetu itakupa majani mengi na maua machache mno. Kwa maji ya waridi, petali za 'Mister Lincoln' au za waridi la pinki la kienyeji zitakufaa zaidi, mradi mti haukupuliziwa dawa ya wadudu wala ya ukungu. Petali za kununua kibandani zisitiwe katika chai wala chakula kamwe.

Jinsi ya kuupima mche kabla ya kulipa

Nenda kitaluni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, siku ambayo haikunyesha usiku wake. Wakati huo jua limepasha petali joto bila kuzikausha, na harufu iko juu. Chagua ua lililofunguka nusu, lipulizie pumzi ya joto taratibu, kisha nusa. Ua lililokwisha kufunguka siku nyingi limemaliza manukato yake, na lililonyeshewa linakaribia kutonukia kabisa, hivyo usiuhukumu mti kwa maua hayo. Kama mche hauna ua lolote na muuzaji anakuhakikishia kwamba unanukia, mwombe akuwekee hadi uchanue, au ulipe bei ya mwaridi wa kawaida tu.

Kisha inama utazame chini ya shina. Miche huuzwa ya namna mbili. Ipo ya kikonyo, iliyooteshwa kutokana na tawi la mama yake, ambayo ni ya bei nafuu na hufaa sana kwa mawaridi ya kienyeji. Ipo pia iliyobebeshwa, yaani jicho la aina nzuri limebandikwa kwenye shina la waridi mwitu lenye mizizi imara. Katika Afrika Mashariki shina litumikalo sana ni 'Natal Briar'. Kwa 'Double Delight' na 'Papa Meilland', ambazo hazina nguvu nyingi zenyewe, ni vyema kulipia mche uliobebeshwa. Utautambua kwa kifundo sentimita chache juu ya udongo, mahali ambapo gome hubadilika. Kifundo hicho kiwe kikavu na kilichofunga vizuri, kisiwe na utepe wa plastiki ulioachwa ukalikaba shina. Tawi lolote linaloota chini ya kifundo ni la waridi mwitu. Likiachwa litaumeza mti mzima, na ndiyo sababu watu husema waridi lao jekundu liligeuka jeupe.

Geuza majani matatu au manne ya chini utazame upande wa nyuma. Vumbi la rangi ya kutu na nyuzi nyembamba kama za buibui ni dalili ya utitiri, ambao ukiufikisha nyumbani utahamia kwenye miti yako yote wakati wa kiangazi. Madoa meusi mawili matatu kwenye majani ya chini yanavumilika. Mche ulioachwa na majani ya juu tu usinunuliwe. Mwisho, inua kavera na utazame tundu za chini. Mizizi michache myeupe inayochungulia ni habari njema. Mizizi minene ya kahawia iliyozunguka chini na kuingia ardhini inaonyesha kwamba mche umekaa kitaluni muda mrefu mno, na utakapong'olewa nusu ya mizizi itabaki pale.

Wauzaji wa kando ya barabara hawana makosa kwa kuwa kando ya barabara. Wengi ni wakulima hodari. Ila miche yao ya mbele, inayopigwa na vumbi na moshi mchana kutwa, huwa imechoka. Omba uoneshwe iliyoko nyuma. Anayetaka kuagiza aina maalumu kutoka nje ya nchi ajue kwamba mmea hai hauingii kama kifurushi cha nguo: unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kwa miche miwili mitatu gharama hiyo haina maana, na ni afadhali kuzungumza na mwenye kitalu anayeagiza kwa wingi.

Bajeti isiishie kwenye mche. Tenga pesa za samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe kwa upendeleo wangu kwa kuwa ya kuku ni kali na huunguza mizizi michanga, na gunia la maganda ya kahawa kwa ajili ya matandazo. Shimo liwe na kina na upana wa sentimita 45, sehemu mbili udongo na moja samadi, na kati ya mti na mti ziachwe sentimita 75 au zaidi ili upepo uyakaushe majani. Mahali papate jua kwa muda wa saa sita kwa siku, hasa la asubuhi. Matandazo yasiguse shina. Kwa chungu, usishuke chini ya kina cha sentimita 40, na ndoo kuukuu yenye kina hicho iliyotobolewa chini inafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Wakati mzuri wa kununua ni mwanzoni mwa mvua, Machi au Septemba kwa upande wa kusini na kati, na Aprili kwa kaskazini. Ukinunua kiangazi, jerikani moja ya lita 20 igawe kwa miti miwili, mara mbili kwa juma, ukimwagilia chini ya shina asubuhi na kuyaacha majani makavu. Tumba za kwanza zitakazotokea baada ya kupanda zikate zingali ndogo, hata kama moyo unakataa, ili nguvu ziende kwenye mizizi. Ziache za awamu ya pili zichanue.